Udaktari wa Afya ya Umma: Mahitaji Yake, na Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kulipa Karo

Neno daktari lina maana mbili katika Kiswahili chetu, na maana hizo zimewachanganya watu wengi. Daktari wa kwanza ni yule unayemkuta hospitalini, anayekupima, kukuandikia dawa na, ikibidi, kukufanyia upasuaji. Wa pili ni mtu aliyesoma hadi ngazi ya juu kabisa ya chuo kikuu, hata kama alichosomea ni historia au kilimo. Shahada ya Udaktari wa Afya ya Umma, ambayo vyuo huiandika kwa kifupi DrPH, ni ya aina hii ya pili. Mwenye nayo anaweza kuitwa Dkt. kwa haki kabisa, lakini shahada hiyo pekee haimpi ruhusa ya kutibu hata mafua. Anayetibu ni lazima awe amesajiliwa na baraza linalosimamia taaluma yake, na kwa madaktari baraza hilo ni lile la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC.

Mfano unaojulikana kote ni wa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus wa Ethiopia. Watu humwita Dkt. Tedros, na alipochaguliwa mwaka wa 2017 alikuwa wa kwanza kushika wadhifa huo bila kuwa tabibu. Udaktari wake ni wa uzamifu katika afya ya jamii kutoka Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza.

Tunalieleza jambo hili kwa sababu linawagusa wakazi wa aina mbili. Kuna wafanyakazi wa afya, maafisa wa afya ya umma, wauguzi, maafisa wa kliniki na hata madaktari wa mifugo, wanaotaka kusonga mbele kimasomo na ambao kila siku hupokea kwenye simu matangazo ya vyuo wasivyovijua. Na kuna wewe mwananchi ambaye kodi yako humlipa afisa mshahara akiwa kwenye likizo ya masomo. Una haki ya kujua anakwenda kusomea nini na atarudi na nini.

Tofauti na uzamifu wa kawaida

Udaktari ambao wengi huufahamu ni ule wa PhD. Katika mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu, unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Elimu, KNQA, ngazi ni 10, na shahada za udaktari ziko kwenye ngazi ya 10, moja juu ya uzamili. Kwa hivyo udaktari wa kitaaluma si mtoto wa kambo wa PhD, wala si njia ya mkato. Kinachoutofautisha ni swali linaloulizwa.

Chukua mfano wa kipindupindu. Mlipuko ulioanza nchini Oktoba 2022 ulienea katika kaunti nyingi na kuendelea hadi mwaka uliofuata. Mwanafunzi wa PhD anaweza kuuliza jinsi vimelea vya ugonjwa huo vinavyobadilika, au vinavyodumu katika maji ya visima wakati wa kiangazi. Akipata jibu, ulimwengu umejua jambo ambalo haukulijua. Hiyo ni kazi muhimu.

Mwanafunzi wa DrPH huanzia kwingine. Kwamba kipindupindu husambazwa na maji machafu ni jambo ambalo John Snow alilionyesha jijini London mwaka wa 1854. Maji safi, choo, sabuni na klorini: hakuna siri hapo. Basi kwa nini mji uleule unaugua tena? Taarifa ya mgonjwa wa kwanza ilitoka lini katika zahanati, ilimfikia nani, na ilikaa mezani siku ngapi? Pesa za kununua klorini zilikuwa katika fungu gani la bajeti? Idara ya Maji na Idara ya Afya zilikutana mara ngapi? Majibu ya maswali haya hayapatikani kwenye darubini. Yamo katika ofisi, katika kumbukumbu za mikutano, na katika vichwa vya watu wanaofanya maamuzi. DrPH humfunza mtu kuyatafuta kwa njia ya kisayansi, kisha kubadilisha utaratibu uliosababisha kukwama.

Ndiyo maana shahada hii inaifaa kaunti hasa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliziachia serikali za kaunti vituo vya afya na maduka ya dawa ya kaunti, huduma za ambulansi, afya ya msingi, utoaji wa leseni kwa wanaouza chakula, uzoaji wa taka, makaburi na mochari. Kaunti haiwezi kusubiri Nairobi iamue jinsi taka za soko zitakavyoondolewa.

Sharti ambalo halimo kwenye fomu

Vyuo vinavyotoa DrPH vinakaribiana katika mahitaji ya kuingia. Cha kwanza ni shahada ya uzamili, ikiwezekana ya afya ya umma, au ya fani iliyo karibu nayo kama vile epidemiolojia, lishe, uuguzi au usimamizi wa mifumo ya afya. Baadhi ya vyuo humkubali mwenye uzamili wa fani nyingine, lakini atalazimika kusoma kwanza masomo ya msingi ya afya ya umma. Huhitaji kuwa tabibu. Huhitaji pia kuwa umeanza kazi kama bwana afya; daktari wa mifugo anayeshughulikia kichaa cha mbwa au homa ya Bonde la Ufa yumo tayari ndani ya afya ya umma.

Cha pili ni tajriba ya kazi. Hapa ndipo DrPH inapotengana na PhD waziwazi. Mwanafunzi hodari anaweza kutoka uzamili moja kwa moja hadi PhD. Katika DrPH vyuo vingi hudai miaka kadhaa ya kazi, na vingine husisitiza iwe kazi ya kuongoza watu au miradi. Utaombwa wasifu-kazi, barua za watu wanaoijua kazi yako, na maelezo yako mwenyewe kuhusu tatizo unalotaka kulishughulikia. Vyuo vya nje vinaweza pia kuomba mtihani wa lugha, ingawa baadhi huwaondolea sharti hilo waliosoma kwa Kiingereza.

Hayo yote utayasoma kwenye fomu. Lakini kuna sharti jingine ambalo, kwa maoni yetu, ndilo huwakwamisha wengi na halijaandikwa popote kwa herufi kubwa: uwe na mahali pa kulifanyia kazi tatizo lako. DrPH hutaka mradi halisi ndani ya taasisi halisi. Kama huna ofisi itakayokufungulia mlango, au mkubwa wako hajakubali uchunguze kwa nini chanjo huisha katika zahanati kila mwisho wa robo ya mwaka, utamaliza masomo ya darasani kisha ukae. Ni afadhali uchelewe kujiandikisha mwaka mmoja ukiitafuta ruhusa hiyo kuliko ulipe karo ya miaka minne bila mradi.

Kwa kijana aliyemaliza uzamili juzi na bado anatafuta ajira, ushauri wetu ni kwamba asiikimbilie. Kuna njia nyingine ya kujenga tajriba. Mpango wa kitaifa wa mafunzo ya epidemiolojia na maabara nyanjani, FELTP, umekuwepo tangu 2004 na huwafunza wataalamu kwa kuwapeleka kwenye milipuko yenyewe. Mtu aliyepitia huko akija kuomba DrPH baadaye ana la kueleza.

Utakachokutana nacho ndani

Nchini Marekani, ambako shahada hii ina historia ndefu, vyuo vya afya ya umma hupewa ithibati na Baraza la Elimu ya Afya ya Umma, CEPH. Baraza hilo linataka mwanafunzi wa DrPH aonyeshe umahiri wa aina 20, uliopangwa katika makundi manne: data na uchambuzi, uongozi, usimamizi na utawala, sera na programu, na elimu na ukuzaji wa wafanyakazi. Ukiyatazama makundi hayo utaona kwamba hesabu na takwimu ni kundi moja tu kati ya manne. Mengine yanahusu watu, pesa na maamuzi. Baraza linataka pia angalau krediti 36 za masomo baada ya uzamili, mradi wa vitendo wenye manufaa kwa taasisi fulani, na kazi kubwa ya mwisho ya kuandikwa inayounganisha yote yaliyosomwa.

Uingereza hufuata njia tofauti kidogo. Katika London School of Hygiene and Tropical Medicine, mwanafunzi wa DrPH huanza na masomo ya darasani kuhusu matumizi ya ushahidi katika sera na kuhusu uongozi wa taasisi. Kisha huingia katika taasisi moja na kuichunguza jinsi inavyofanya kazi na inavyojaribu kushawishi sera. Baada ya hapo ndipo huandika tasnifu na kuitetea mbele ya watahini. Sehemu hiyo ya katikati ndiyo inayotuvutia. Ni wachache wetu tuliowahi kuketi na kujiuliza, kwa utaratibu na bila kumlaumu mtu, ofisi yetu huamuaje mambo.

Hapa Kenya, vyuo vikuu kadhaa hutoa PhD ya afya ya umma, na anayetafuta DrPH hasa anapaswa kuuliza chuo chenyewe kama programu hiyo imeidhinishwa kwa jina hilo. Jina lina uzito, maana ndilo litakaloandikwa kwenye cheti. Viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, vinadai mwanafunzi wa udaktari asome kwa muda usiopungua miaka mitatu na achapishe angalau makala mawili katika majarida ya kitaaluma yanayokaguliwa na wataalamu. Sharti la kuchapisha huwashangaza wengi mwishoni. Jarida zuri linaweza kuchukua miezi mingi kabla ya kukujibu, tena likurudishie makala urekebishe. Jarida linalokuahidi kuchapisha baada ya wiki moja ukishatuma pesa ni la kuogopwa.

Vibali, na ugumu wa kuichunguza ofisi yako

Utafiti wowote unaohusu watu huhitaji kwanza kibali cha kamati ya maadili ya utafiti iliyotambuliwa, kisha leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI, chini ya sheria ya 2013. Leseni hiyo haikufungulii milango ya zahanati yenyewe. Bado utahitaji kuiarifu serikali ya kaunti na kupata idhini ya Idara ya Afya kabla ya kuhoji mtu au kufungua rejista.

Kwa mwanafunzi wa DrPH kuna mtego wa ziada. Mara nyingi anachunguza mahali anapofanya kazi. Kompyuta yenye data ya wagonjwa iko mezani pake, na neno la siri analo. Lakini ruhusa aliyopewa ya kutumia data hiyo kwa kazi si ruhusa ya kuitumia kwa tasnifu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huhesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Mgonjwa aliyekuja kupimwa virusi vya Ukimwi au kifua kikuu hakuja kuwa sura ya tatu ya kitabu cha mtu.

Kuna pia suala la walio chini yake. Msimamizi wa kaunti ndogo akimwambia muuguzi, "Naomba unijazie dodoso hili, si lazima," muuguzi atasikia nini? Atasikia amri. Kamati za maadili huliuliza swali hili, na jibu linalokubalika kwa kawaida ni kumtumia mtu mwingine kufanya mahojiano, majina yaondolewe, na msimamizi asijue nani alisema nini. Ikiwa wewe ni mfanyakazi na umeombwa kushiriki katika utafiti wa mkubwa wako, una haki ya kukataa, na ya kuuona ukurasa unaoeleza haki hiyo kabla hujajibu swali la kwanza.

Muda na pesa

Piga hesabu mapema. Anayemaliza kidato cha nne akiwa na miaka 18 na alama ya C+ au zaidi, akasoma shahada ya kwanza miaka minne, uzamili miwili, akafanya kazi mitatu hadi mitano, kisha akaanza DrPH, atakuwa na angalau miaka 30 wakati wa kuhitimu, tena kama hakuna mgomo, ugonjwa wala mtoto wa kulea njiani. Wengi husoma huku wakifanya kazi, na kwao miaka mitatu huwa mitano au sita. Wanaoanza na cheti au diploma ya KMTC huchukua muda zaidi, lakini huwa wameshapata tajriba ambayo wengine bado wanaitafuta.

Karo hutofautiana mno kati ya chuo na chuo, na ya nje ni mara kadhaa zaidi ya ya hapa. Usiulize karo peke yake. Uliza ada ya usajili wa kila mwaka, ya usimamizi, ya kutahiniwa, ya kamati ya maadili na ya kuchapisha. Uliza pia utalipa nini ukizidisha mwaka. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, imekuwa ikitoa msaada kwa masomo ya uzamili na uzamifu, Hazina ya Kitaifa ya Utafiti hufadhili utafiti, na ufadhili wa Jumuiya ya Madola huwafikia Wakenya wanaokwenda Uingereza. Nafasi ni chache na masharti hubadilika, kwa hivyo soma tangazo la mwaka husika, si la rafiki yako la miaka mitatu iliyopita.

Mfanyakazi wa kaunti anayetaka likizo ya masomo yenye mshahara aombe kabla ya kukubali nafasi ya chuo. Likizo hiyo huambatana na mkataba wa kurudi kuhudumu kwa muda fulani, na anayeuvunja hudaiwa. Usome mkataba huo neno kwa neno, na umwonyeshe anayekudhamini. Si haki dada yako ajue kwamba alidhamini deni siku anapoletewa barua.

Chuo cha kweli na chuo cha karatasi

Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi wa vyeti katika taasisi za umma ulifichua zaidi ya visa 2,000 vya vyeti ghushi. Aliyeajiriwa au kupandishwa cheo kwa cheti cha namna hiyo anaweza kufutwa, kushtakiwa na kudaiwa mshahara wote aliolipwa. Wengine hujiingiza makusudi. Wengine, na hawa wanatia huruma, hulipa pesa halali kwa chuo ambacho hakikuwa na ruhusa ya kutoa shahada.

Kabla ya kutuma shilingi, hakikisha mambo mawili. Kwa chuo cha Kenya, CUE imeidhinisha chuo, na imeidhinisha programu hiyo mahususi. Chuo kinaweza kuwa halali na programu isiwe. Kwa chuo cha nje, kitambuliwe na mamlaka ya elimu ya nchi kinakotoka, na uiulize Tume kwa maandishi kama shahada hiyo itatambuliwa na kulinganishwa na za hapa. Jibu la simu halitakusaidia miaka minne baadaye. Tangazo linaloahidi DrPH ndani ya miezi 12, bila tasnifu na bila msimamizi unayeweza kumpata kwa jina, halihitaji uchunguzi zaidi. Na shahada ya heshima, hata ikitoka chuo chenye sifa, ni zawadi. Haiwezi kutumiwa kuomba kazi.

Baada ya kuhitimu

Cheti cha DrPH hakimpandishi mtu cheo chenyewe. Vyeo hufuata mwongozo wa utumishi wa kada yake na nafasi zilizotangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Afisa wa afya ya umma bado atahitaji usajili na leseni ya baraza lake, lililoundwa kwa sheria ya 2013, na muuguzi vilevile kwa baraza lake. Kinachobadilika ni kazi anazoweza kukabidhiwa: kuandaa mpango wa afya wa kaunti, kusimamia mwitikio wa mlipuko, kutetea bajeti mbele ya kamati ya bunge la kaunti kwa takwimu alizozichambua mwenyewe.

Anayetaka kuanza aandike ukurasa mmoja kabla ya kujaza fomu yoyote. Aeleze tatizo gani katika kituo au wadi yake limerudi mara kwa mara, nani huamua kulihusu, data ipi ipo, na nani atampa ruhusa. Ukurasa huo aupeleke kwa msimamizi wake na kwa ofisi ya rasilimali watu ya kaunti.

Na mwananchi asisahau upande wake. Anayefanya utafiti kwa leseni ya NACOSTI hutakiwa kuwasilisha ripoti ya mwisho kwa tume hiyo, na vyuo vingi huweka tasnifu kwenye maktaba zao za mtandaoni, wazi kwa yeyote. Kama utafiti ulifanywa katika zahanati ya kijijini kwako na nakala ya ripoti iko katika ofisi ya kaunti, unaweza kuiomba kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza, chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi inapaswa kukujibu ndani ya siku 21.